Tiba kwa Simu: Mganga Haoni, Mgonjwa Hasemi



Katika nyumba nyingi za kwetu hapa Uingereza zinakaa tiba mbili chini ya dari moja. Juu ya meza pana vidonge vya hospitali, na ndani ya kabati la jikoni mna habasoda, uwatu na unga wa mwarobaini uliokuja katika sanduku la msafiri. Hilo si jambo la kuonea haya. Wazee wetu walitibiwa kwa miti shamba, na dini yetu haikutukataza kutafuta dawa. Lililonifanya nishike kalamu ni kutibiwa kwa simu na mtu aliye ng'ambo ya bahari, asiyemwona mgonjwa wala dawa anayoinywa.

Nitaanza na nyumba yangu. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, na hospitali ilimpa kidonge kinacholichochea kongosho kutoa insulini. Alipochoshwa na vidonge alitaka nimpigie simu mzee mmoja wa Pemba, mtu mwaminifu aliyewatibu jamaa zetu kabla sijazaliwa. Mzee alisita. "Mwanangu, mimi kazi yangu huanza kwa kumtazama mtu. Huyu nitamtazama vipi?" Nikamsihi. Ndipo akauliza maswali yake, na mojawapo lilikuwa hili: je, anatumia dawa za hospitali? Mama akanikonyeza. Nami nikajibu, "Hapana, babu." Niliogopa asije akakataa.

Akaelekeza uwatu uliolowekwa usiku kucha pamoja na maji ya mwarobaini, vinywewe alfajiri kabla ya kula. Siku ya tisa nilimkuta mama juu ya msala, jasho la baridi likimtiririka na maneno yake hayashikani. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakamtoboa kidole: sukari ilikuwa 2.3, ilhali kwa mgonjwa kama yeye haifai kushuka chini ya 4. Uwatu hushusha sukari, mwarobaini vivyo hivyo, na kidonge kile nacho hushusha. Vyote vitatu vilikutana katika tumbo tupu. Alhamdulillahi, alipewa sukari akazindukana. Daktari alipouliza kama kuna dawa nyingine anayoitumia, mama akatikisa kichwa kuwa hakuna. Hapo ndipo nilipofungua kinywa.

Basi matabibu wawili walifichwa ukweli, na aliyeuficha ni mimi. Tumezoea kusema kuwa waganga wa simu ni matapeli, na wengine ni matapeli kweli, lakini mzee huyu aliuliza swali lililopasa kuulizwa. Mafakihi wametufundisha kuwa anayejitia kutibu bila kuijua kazi ya utabibu huwa na dhamana ya madhara atakayoyaleta. Je, tabibu aliyedanganywa? Mimi si mwanachuoni, lakini sioni vipi dhamana ile ingemwangukia yeye.

Tiba ya asili yenyewe haikujengwa juu ya kusikia tu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwa urefu katika Al-Qanun juu ya mapigo ya mshipa na rangi ya mkojo. Waganga wetu hutazama ulimi, weupe wa jicho na mwendo wa mtu anapoingia ukumbini. Hata picha iliyopelekwa kwa simu haitoshi, kwani manjano ya jicho hupotea chini ya taa ya jikoni. Ajabu ni kwamba sheria ya hapa yaliona hilo. Sheria ya Dawa ya mwaka 1968 ilimruhusu mtaalamu wa miti shamba kumtengenezea mtu dawa isiyo na leseni kwa sharti kwamba mtu huyo awe mbele yake, na kanuni za mwaka 2012 zimelibakisha sharti hilo.

Tena mganga hutaja jina la mti, nasi hununua unga. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliotumia dawa ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, waliharibikiwa na figo. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao.

Wapo na wale ambao hawaulizi habari za vidonge kabisa. Huuliza jina la mama yako, hutaka fedha zitangulie, na katika simu ya pili wamekwisha piga ramli na kumwona mchawi. Mchawi huyo, aghalabu, ni mavyaa au mke mwenza. Kuwaendea watu wa namna hiyo ni jambo tulilokatazwa waziwazi. Zamani mganga aliyevunja nyumba ya watu alikutana nao Ijumaa msikitini, na aliona haya au aliogopa. Huyu wa simu hakutani na yeyote. Tanzania Bara ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, na Baraza linalowasajili waganga. Anayejitangaza kutoka huko aulizwe namba yake ya usajili kabla ya kupelekewa hata senti.

Mama aliporudi nyumbani nilimpigia mzee nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akataka nimsomee majina ya vidonge, kimoja baada ya kimoja, akayaandika. Akasema mwarobaini uachwe kabisa, na uwatu usirudi mpaka daktari wa huku aulizwe. Fedha nilizompelekea alizirudisha. Niliona afadhali angenigombeza.

Bado mama humpigia kila Ijumaa baada ya sala. Huzungumza habari za mvua, za karafuu na za wajukuu. Siku moja nilimsikia mzee akimuuliza, "Umekula?", na mama akamtajia chakula chote cha asubuhi, pamoja na kidonge.