Lori Likirudi Tupu

Zambia-Tanzania Road Services ilianzishwa mwaka 1966. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru Novemba 11, 1965, na Zambia ikahitaji njia ya kufika baharini isiyopita huko. Tanzania ilichukua hisa asilimia 35, Zambia 35, Waitaliano 30. Malori yalipanda na mafuta kutoka Dar es Salaam, yakashuka na shaba. Anayetaka kujua faida ya biashara hiyo aanze na swali hili: lori lilirudi na nini?

Tupige hesabu kwa bei za siku hizi. Ni makisio yangu, msomaji abadilishe apendavyo. Dar hadi Lusaka tuseme kilomita 1,900. Lori la tani 30 likinywa lita 45 kila kilomita 100, linamaliza lita 855. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, hizo ni shilingi 2,394,000, yaani 79,800 kwa tani.

Kurudi tupu linakunywa pungufu, tuseme lita 35 kila kilomita 100: shilingi 1,862,000. Kwenda na kurudi ni 4,256,000, na tani zilizolipiwa ni zile zile 30. Kila tani sasa inabeba shilingi 141,867. Likirudi na tani 30 za shaba, jumla inapanda hadi 4,788,000 lakini inagawanywa kwa tani 60. Tunarudi kwenye 79,800. Utupu huo unaongeza asilimia 78, kabla ya kugusa tairi zinazolika kwenye mlima wa Kitonga au posho ya dereva na utingo wake.

Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710. Mafuta yakapata njia yake. Mwaka 1975 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakamilika kwa mkopo wa China wa yuan milioni 988 usio na riba. Shaba nayo ikapata yake. Bomba na reli ni mali ya serikali zile zile mbili zilizokuwa na asilimia 70 ya malori.

Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba takriban tani 88,000, asilimia 4.4. Kwa malori yetu ya tani 30, hizo ni safari 2,933 kwa mwaka. Nane kwa siku!

Tusiisimange haraka, maana hesabu za reli na lori hazifanani. Reli hulipia mataruma yake yenyewe. Lori huikuta barabara imeshatengenezwa. Wahandisi hukadiria kwamba uharibifu wa lami hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 imezidi kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu wake ni mara 2.07.

Bili hiyo haikai kwenye vitabu vya kampuni ya malori. Hukaa kwenye fungu la wizara ya ujenzi. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 za gawio, serikali hizo mbili zilistahili 70, na katika kila 100 za kuziba mashimo, 30 za Mwitaliano zilikuwa juu yao pia.