Mkuu wa rasilimali watu akiondoka taasisi ya utafiti, faili la mtumishi linabaki na nani?

Akiondoka mkuu wa wilaya, habari inafika Makote kabla jua halijazama. Akiondoka mkuu wa rasilimali watu wa taasisi ya utafiti, wengi wetu tunauliza: huyo ni nani, na mimi mkulima wa korosho ananihusu nini?

Leo tunaeleza kazi ya mtu huyu, jinsi anavyoondoka, na kwa nini kuondoka kwake kunaweza kumgusa mlinzi, mtafiti na hata mkulima wa Newala au Masasi.

Anafanya kazi gani?

Tuchukue mfano tunaoufahamu. Nje kidogo ya mji wa Mtwara kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichoanza mwaka 1970. Hapo ndipo wanapofanya utafiti wa korosho, ufuta, karanga na mihogo. Leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na yenye makao makuu Dodoma.

Tukisikia Naliendele tunamfikiria mtafiti wa miche bora au wa ugonjwa wa ubwiriunga. Lakini mtafiti huyo hafanyi kazi peke yake. Kuna dereva, fundi wa maabara, mtunza shamba, karani na mlinzi. Kila mmoja ana faili lake. Katika taasisi kama hii, mkuu wa rasilimali watu ndiye anayesimamia mambo ya watu hao: kuthibitishwa kazini, kupanda daraja, likizo, masomo, nidhamu na maandalizi ya kustaafu.

Katika utumishi wa umma haajiri anavyotaka yeye. Kibali cha ajira kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na nafasi nyingi hutangazwa na kusailiwa na Sekretarieti ya Ajira. Kazi yake ni kuhesabu mapema: mwaka kesho nani anastaafu, nafasi gani itabaki wazi, na nani anaandaliwa kuishika.

Anaondoka kwa njia zipi?

Mtumishi wa umma kwa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Wapo pia wanaojiuzulu, wanaohamishwa, wanaomaliza mkataba na wanaoondolewa kwenye nafasi. Kwa hiyo tukisikia "ameachia nafasi", tusikimbilie kusema amefukuzwa au amekula hela. Kwanza tuulize ni njia ipi kati ya hizo.

Mtu wa kudumu asipopatikana mara moja, anawekwa wa kukaimu. Kwa taratibu za utumishi, kukaimu hakutakiwi kuzidi miezi 6. Kipindi hicho ndicho cha kuangalia kwa makini, maana anayekaimu mara nyingi anabeba kazi yake ya zamani na hii mpya kwa pamoja.

Yaliyompata mjomba wangu

Mjomba wangu alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Barua yake ya kwanza ya ajira iliandikwa jina la utotoni. Vyeti vya baadaye na kitambulisho vina jina alilopewa jandoni. Kwetu huku jambo hilo halimshangazi mtu. Mama aliyekuwa afisa utumishi pale alilijua, na alikuwa akimwambia, "Usijali baba, mimi nakufahamu."

Mama huyo alistaafu mwaka mmoja kabla ya mjomba. Aliyekuja kukaimu alifungua faili akaona majina mawili, akasimamisha maombi ya mafao. Alikuwa na haki, kwa sababu kwenye karatasi walikuwa watu wawili. Mjomba alikaa miezi 11 bila pensheni, anapanda basi na bodaboda kufuata hati ya kiapo, barua ya mtendaji wa kijiji na nakala za zamani. Hatimaye alilipwa, lakini msimu ule mikorosho yake haikupata salfa.

Mama yule hakuiba wala hakuonea mtu. Kosa ni kwamba jambo la faili lilihifadhiwa kichwani mwake, naye aliondoka nalo.

Ndiyo maana makabidhiano mazuri hayaishii kwenye funguo na gari. Yanatakiwa kuonyesha majina ya wanaokaribia kustaafu, mafaili yenye utata, madaraja yanayosubiri, kesi za nidhamu ambazo hazijaisha, na mikataba ya vibarua. Yote yawe kwenye maandishi.

Na mkulima je?

Mkorosho hauna haraka, na utafiti wake hivyo hivyo. Kuchavusha, kupanda, kusubiri mti uzae na kulinganisha mavuno huchukua miaka mingi. Mtafiti akistaafu bila kijana aliyefanya kazi pembeni yake, kumbukumbu za miti ile zinakatika.

Tuliwahi kuonja hali hiyo. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi na kubana ajira mpya. Vituo vya utafiti vikabaki na wataalamu wanaozeeka pamoja, bila vijana wa kutosha nyuma yao. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa tangazo moja la kazi. Mkuu wa rasilimali watu anayejua kazi yake analiona miaka mitano kabla.

Ufanye nini wewe, au ndugu yako aliyeajiriwa?

Kwanza, hifadhi nyumbani nakala za barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupanda daraja.

Pili, linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya kwanza ya ajira, vyeti na kitambulisho cha taifa. Kama vinapishana, anza kushughulikia leo. Usisubiri mwaka wa kustaafu.

Tatu, kagua michango yako. Mtumishi wa umma yupo PSSSF, mfuko ulioanza Agosti 2018 baada ya mifuko ya zamani kuunganishwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: 5 kutoka kwa mfanyakazi na 15 kutoka kwa mwajiri. Pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180 ya kuchangia, kwa hiyo miezi iliyoruka ina gharama. Kwa simu janja unaweza kuangalia kupitia PSSSF Kiganjani. Wa sekta binafsi aulize NSSF.

Nne, ukisikia afisa utumishi wenu anaondoka, nenda ukamwone akiwa bado yupo. Muombe kwa heshima aandike kwenye faili lile jambo lako analolijua yeye peke yake, nawe ubaki na nakala.

Mjomba sasa anapata pensheni yake kila mwezi. Barua zake zote ziko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, na mtoto wake wa kwanza anajua sanduku lilipo.