Asali Ni Lishe, Si Tiba ya Saratani

Neno "dawa" katika Kiswahili ni pana mno: dawa humtibu mgonjwa, huua kunguni, hung'arisha viatu. Kwa upana huo, mchuuzi wa asali mtaani Free Area, Nakuru, humwambia mgonjwa wa saratani kwamba chupa yake ni dawa, naye mgonjwa akafahamu kuwa ataponywa.

Waogiek wa msitu wa Mau wameitumia asali tangu jadi kwa chakula, kinywaji na dawa, na si haki kuwabeza. Utafiti nao unaashiria kwamba huenda asali ikapunguza vidonda vya kinywa viletwavyo na tiba ya mionzi. Hata hivyo, takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Humtia nguvu aliyekosa hamu ya kula, uvimbe hauondoi.

Isitoshe, tibakemikali hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ilhali asali mbichi yaweza kubeba viini. Chavua na gundi ya nyuki nazo huwadhuru wenye mzio. Mgonjwa na amwulize daktari kwanza, wala asikatize matibabu.

Enyi walimu, wafunzeni wanafunzi kutenga "lishe" na "tiba". Anayeyachanganya maneno haya darasani hupoteza alama. Wodini, huenda akapoteza uhai.