Samaki Wasiofika Sokoni

Mvuvi akirudi na chewa mkubwa, tunamsifu samaki kwa uzito wake. Ni mara chache tunapouliza alinenepa kwa kula nini. Sehemu kubwa ya jibu iko chini, katika nyufa za matumbawe na vishimo vya mchanga, wanamoishi samaki wasiofikia sentimita 5 hata wakikomaa. Hawa hawana bei sokoni, lakini ndio wanaowalisha wenye bei.

Mmoja wao ni gobi mbilikimo wa Great Barrier Reef nchini Australia, ambaye wataalamu humwita Eviota sigillata. Mwaka 2005 watafiti Martial Depczynski na David Bellwood walionyesha kwamba haishi zaidi ya siku 59. Waliusoma umri huo katika vijiwe vya ndani ya sikio, vinavyoongeza pete moja kila siku. Kifaranga hukaa wiki tatu katika maji ya wazi, kisha hushuka matumbaweni, hukomaa kwa wiki moja au mbili, na hubakiwa na wiki tatu na nusu tu za kuzaa. Dume hulinda mayai. Gobi huyu hawezi kuchelewa, kwa kuwa kila siku wenzake kadhaa huliwa.

Mwaka 2019 Simon Brandl na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba samaki hawa wadogo ni karibu asilimia 60 ya uzito wa samaki wote wanaoliwa matumbaweni. Wanawezaje, ilhali kwa wakati wowote uzito wao wote ni mdogo mno? Vifaranga wao wengi hawapotelei bahari kuu. Hubaki karibu na miamba ya wazazi wao, hivyo anayeliwa leo hupata mrithi upesi. Mpiga mbizi anayehesabu kwa macho huwakosa. Ili kuwapata, watafiti hufunika kipande cha mwamba kwa wavu na kuwalevya samaki kwa mafuta ya karafuu.

Hapa ndipo jambo hili linapoigusa pwani yetu. Kanuni ya ukubwa wa matundu ya nyavu huwaokoa changu wachanga, lakini haiwahusu samaki hawa, ambao hupenya nyavu za kawaida za uvuvi. Ngome yao ni mwamba wenyewe. Baruti ikilipuka, tunahesabu samaki walioelea. Hasara inayodumu zaidi ni matumbawe yaliyogeuka kifusi, na nyufa zilizofukiwa pamoja nayo. Kokoro likiburutwa huparuza makao hayohayo.

Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza njia hizo mbili. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vinavyosimamia utekelezaji wa sheria hizo vipime pia hali ya mwamba, si uzito wa samaki waliovuliwa peke yake. Mvuvi anayelinda matumbawe analinda chakula cha samaki atakaowavua mwakani.