Kamange: Malenga wa Pemba Asiyestahili Kusahauliwa

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Leo, ndugu msomaji, nauliza: je, Kamange ametunzwa kwao?

Jina lake hasa ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy. Aliishi hapa Pemba katika karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambayo kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Kilichompa sifa ni mashairi ya mapenzi, pamoja na kujibizana kwake na malenga mwenzake, Sarahani bin Matwar.

Tungo hizo zimetufikia kwa kuwa watu walizihifadhi vichwani. Shairi la kawaida lina mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Msomaji akisahau neno, kina humsuta papo hapo. Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha W. H. Whiteley alichapisha kitabu kuhusu lahaja na ushairi wa Pemba. Mwaka 2011 ikatoka "Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani", iliyokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, malenga wa Mombasa.

Basi kazi imekwisha? Hasha! Kina hulinda neno, hakilindi maana. Mshairi wa mapenzi husema kwa mafumbo. Hutaja tunda au chombo cha baharini, kumbe anamkusudia mtu. Zaidi ya hayo, shairi la kujibu bila lile lililojibiwa ni nusu ya mazungumzo. Anayejua fumbo lilimlenga nani, na neno fulani la Kipemba lilikuwa na maana gani, ni mzee. Naye akifukiwa, ufunguo umefukiwa naye.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Wesha, Chake Chake, Wete na Mkoani, na hata ninyi mnaosoma gazeti hili mjini: mnaporudi nyumbani kwa sikukuu, kaeni na babu na bibi. Waombeni wasome beti wanazozikumbuka, kisha waulizeni maana yake. Andikeni, au rekodini kwa simu zenu. Shairi lisiloeleweka halina tofauti na barua isiyofunguliwa.