Poka ku intaneti: nani anamuchunga mwenye kugawa karata?

Ukicheza karata na watu mu lupango, macho yako njo polisi. Unaona mikono ya mwenye kuchanganya, unaona kama jirani anachungulia, na mutu akificha karata mu shati, fujo inaanza palepale. Lakini ku intaneti hauoni mikono ya mutu. Unaona picha tu, na feza yako inaenda. Basi nani anahakikisha kama muchezo ni wa haki? Vijana wengi wa kwetu wanaweka franga mu michezo ya telefone. Kwa hiyo tunawaletea wasomaji wetu habari moja ya kweli.

Siri njo muchezo

Kwa wale hawajui poka: kila mutu anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinawekwa wazi mezani kwa wote. Kila mumoja anaweka feza kufuatana na vile anafikiri mwenzake iko na nini. Mwenye kuona karata za wengine hachezi tena. Anavuna shamba la watu. Tena mu poka, feza ya mushindi haitoki ku kampuni. Kampuni inakata kidogo tu. Zingine zote ni za wachezaji wenyewe. Mwizi akiingia, anakula wenzake.

Faili iliyosema kweli

Mwezi wa 9 mwaka 2007, ku saiti Absolute Poker kulikuwa mashindano ya kuingia kwa dola 1,000. Alishinda mutu mwenye kujiita POTRIPPER. Wenzake walishangaa: alikuwa anaweka feza nyingi na karata za ovyo, lakini mwenzake akiwa na karata za nguvu, yeye anatupa zake. Mumoja kati ya walioshindwa, Marco Johnson, aliomba kampuni imutumie hesabu ya mashindano yake. Kampuni ikamutumia faili kubwa kupita ile aliomba: ndani mulikuwa karata za siri za wachezaji wote, na hata konti za watu waliokuwa wanaangalia tu.

Wachezaji wakakaa ku ile faili, mustari kwa mustari. Wakakuta mutu mumoja asiyecheza, anafuata POTRIPPER meza kwa meza. Mbele huyu mutu afike, POTRIPPER alitupa karata. Kisha kufika, akaanza kucheza karibu kila duru. Anwani ya ordinatere ya huyu mwangaliaji ikaongoza mupaka Costa Rica, kwenye kampuni yenyewe ilikuwa na kazi yake. Mwanzo kampuni ilikana. Mwezi wa 10 ikakubali. Mwezi wa 1 mwaka 2008, tume iliyoipa ruhusa ikaipiga amende ya dola 500,000. Ile tume ni ya Kahnawake, eneo la Wamohawk karibu na Montréal, Canada.

Mambo hayakuishia pale. Ku saiti UltimateBet, ndugu ya ile ya kwanza, wachezaji walihesabu ushindi wa konti NioNio, wakaona umepita mbali bahati yote ya mutu. Tume ilikuta kama mu programu mulikuwa mulango wa siri wa kuonyesha karata za wote, na wizi uliendelea kutoka 2003 mupaka 2007. Mwezi wa 9 mwaka 2008 ikataja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa 1994, kuwa mwenye kuhusika zaidi. Amende ilikuwa dola milioni 1.5, na feza za kurudishia wachezaji milioni 22.1. Muangalie vizuri: si kampuni, si tume ilianza kuona. Ni wachezaji waliochunga hesabu zao.

Uwazi unasaidia wote

Kuna mufano mwingine. Mwaka 1999, kampuni ASF Software ilitangaza wazi namna programu yake inachanganya karata, ili watu waamini. Wataalamu wa Marekani wakasoma, wakakuta kosa: programu ilianzia ku saa ya ordinatere, na siku moja iko na milisekunde 86,400,000 tu. Namna za kupanga karata 52 zinapita ile hesabu mbali sana. Kwa karata zao mbili na tatu za kwanza za mezani, wataalamu wakajua karata za wote. Hawakuiba. Walisema.

Leo mwizi hana lazima ya mulango wa siri. Marafiki wawili wanakaa meza moja, wanaambiana karata kwa telefone. Mutu mumoja anafungua konti tatu. Ao anaacha programu icheze ku nafasi yake: mwaka 2019, programu Pluribus, ya chuo kikuu Carnegie Mellon na Facebook, ilishinda mabingwa ku meza ya watu sita. Wengine wanasema ile ni akili tu. Hapana. Mwenye kulipa ile akili ni mwenzako, na pengine iko na watoto wanangoja chakula.

Mbele ya kuweka franga

Sisi hatumutume mutu kucheza. Lakini kama unacheza, uliza kwanza nani aliwapa ruhusa, na malalamiko yanapelekwa wapi. Weka kidogo, kisha jaribu kutoa. Piga picha ya kila malipo. Usiache feza nyingi mule ndani: tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2011, serikali ya Marekani ilishitaki wenye PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker, na wachezaji wengi wa Absolute Poker walingoja mupaka 2017 kuona feza yao.

Na omba hesabu ya michezo yako, duru kwa duru. Saiti yenye kukukatalia hesabu ya karata zako mwenyewe, ile si meza ya kukaa.