Milango Imebaki, Darsa Zimepungua

Pita Ukutani, Mji Mkongwe wa Unguja, utamkuta muongoza watalii akieleza njumu za mlango: shaba ni za nini, mti ni wa wapi. Jina la Sheikh Abdallah Bakathir, aliyesomesha mtaa huohuo, halitajwi.

Wanazuoni wa Unguja waliuachia mji kumbukumbu iliyorithishwa kwa silsila. Mwanafunzi alikaa kitako kwenye jamvi, kitabu mapajani, akisoma mstari kwa mstari huku mwalimu akimsahihisha irabu. Akihitimu alipewa ijaza inayomtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Bakathir, mzaliwa wa Lamu, na Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi Unguja, waliishika kazi hiyo hadi wote wawili walipofariki mwaka 1925. Watu wa tarika nao walikuwa na mlango wao. Kadiria ya Sheikh Uweis wa Barawa iliwakaribisha kwenye halaka za dhikri watu wasio na nasaba kubwa wala kitabu.

Silsila hiyo ililegezwa na mambo matatu. Kwanza, Mapinduzi ya 1964, ambayo baada yake wengi walihama. Sayyid Omar, mwana wa Ahmad na kadhi kama baba yake, alifia Ngazija. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikwenda Kenya, akawa Kadhi Mkuu mwaka 1968. Pili, mabishano ya ndani. Farsy huyohuyo aliyeandika kitabu cha kuhifadhi habari za wanazuoni wa Kishafii ndiye aliyekuja kuzikosoa vikali baadhi ya mila za watu wa tarika, akiziita bidaa. Tatu, utalii. UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 2000, na macho yakaelekea kwenye majengo. Maulidi ya Homu, yenye safu ya watu waliopiga magoti wakiyumba kwa pamoja, sasa huonekana pia kwenye majukwaa ya matamasha, mbele ya watazamaji wasioijua tarika yake ya Rifaia.

Misikiti ingali inajaa, na darsa za Ramadhani zingalipo. Ila kijana anayeswali humo aghalabu hajui elimu yake ilimfikia kupitia kwa nani.

Wapo wazee waliosoma kwa wanafunzi wa masheikh hao. Anayetaka kuulinda Mji Mkongwe aanze kwao, awaandike na awasikilize, milango itasubiri.